Fomu za Magunga na Mkoba wa Migori

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kwa uwazi kuliko hata siku niliyofunga ndoa. Ilikuwa Alhamisi, mvua za masika zikielekea ukingoni, miaka michache tu baada ya uhuru. Siku hiyo nilisimama peke yangu katika Bonde la Lambwe, goti linavuja damu, pikipiki imelala ubavu, na majina ya watoto wa watu yanapeperuka vichakani. Sikusimulii ili unicheke, ingawa ukitaka kucheka cheka, nimezeeka mno kuona haya. Nakusimulia kwa sababu juzi nilikuona ukifunga mzigo nyuma ya pikipiki yako mpya kwa kamba moja na fundo moja, kisha ukaondoka bila kutazama nyuma.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili wakati huo, tarishi wa shule za kanisa upande huu wetu wa ziwa. Kazi yangu ilikuwa kupeleka barua, chaki na vitabu kutoka ofisi ya msimamizi wa shule pale Migori hadi Karungu, Magunga na vijiji vya katikati. Msimamizi wetu, Mwalimu Nashon, mtu mpole mwenye sauti ndogo, alinikabidhi pikipiki kuukuu ya Kiingereza, nzito kama fahali, yenye keria ya chuma nyuma ya kiti. Siku zile pikipiki ilikuwa kitu cha kutazamwa. Mbwa waliikimbiza, kina mama waliinua migongo kutoka kwenye majembe, na mimi, kijana wa watu, nikaamini kwamba yanayotazamwa ni mabega yangu.

Mwalimu Nashon aliponiambia nitafute mkoba wa kubebea karatasi za shule, sikuuliza mtu. Niliingia duka moja la Migori nikachagua mkoba mweusi wa ngozi ya bandia, laini, unaong'aa kama kiatu cha bwana arusi, na mkanda mrefu wa kutundika begani. Sikuugeuza kutazama mishono yake. Sikuupeleka kwenye keria kuona kama utakaa. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, lakini msemo huo ulikuwa wa kujibia mtihani tu kwangu, haukuwa wa kununulia mkoba.

Sasa Alhamisi hiyo nilitumwa kukusanya fomu za watoto wa darasa la saba waliotaka kufanya mtihani wa mwisho wa mwaka. Zilitakiwa zifike ofisi ya elimu Homa Bay kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa. Fomu isiyofika, mtoto wake hafanyi mtihani, basi. Nilianzia Karungu asubuhi. Mwalimu wa pale alinipa bahasha nene akaigonga kwa kidole.

"Ya juu kabisa ni ya Owuor," akasema. "Huyo kijana anatushinda hata sisi kwa hesabu. Mwaka ujao utamsikia yuko sekondari."

Nikaitia bahasha chini kabisa ya mkoba, nikapanda kuelekea Magunga.

Magunga kulikuwa na fomu saba. Mwalimu mkuu, Mwalimu Tobias, aliziweka mezani moja moja, na aliyemaliza kutia sahihi ya mwisho alikuwa msichana mmoja, Achieng. Msichana huyu alikuwa amekosa mtihani wa mwaka uliotangulia kwa sababu kaka yake alishikwa na ugonjwa wa malale, ule wa mbung'o wa Lambwe, na yeye ndiye aliyemuuguza. Shule ilimruhusu kurudia mara moja tu. Aliponikabidhi fomu yake hakuiachia mara moja.

"Itafika?" akaniuliza.

"Leo hii," nikamjibu, nikacheka kidogo, kama mtu aliyeulizwa kama jua litatua.

Nje, kwenye pikipiki yangu, nilimkuta mzee mmoja ameinama. Alikuwa Jaduong' Okelo, yaani Mzee Okelo kwa lugha yetu, aliyepelekwa vitani Burma akabeba barua za jeshi kwa pikipiki miaka mitatu, kisha akarudi nyumbani kushona matanga ya mitumbwi na mifuko ya turubai. Alikuwa ameshika mkoba wangu kwa vidole viwili na kuutikisa. Ulikuwa umekaa juu ya keria, umefungwa kwa kamba moja ya katani iliyopita katikati kama mshipi wa mtu mnene, na ule mkanda wa begani unaning'inia.

"Nyathina, mwanangu," akaniambia, "huu ni mkoba wa kwenda kanisani. Wewe unakwenda Homa Bay."

Nikamwambia nimetoka nao Karungu salama.

"Umetoka Karungu barabara ikiwa tambarare. Sasa unashuka kwenda Lambwe. Barabara ile itatikisa mpaka kamba ilegee, mkoba ulale upande mmoja, na upande huo utakuwa wa ekzosi, lile bomba la moshi lenye moto. Ninayo mifuko miwili ya turubai pale nyumbani, inakaa huku na huku. Nikuazime, utairudisha ukipita."

Niliijua mifuko hiyo. Ilikuwa na rangi ya matope, imepakwa nta na mafuta isipitishe maji, na ilinuka samaki. Nilijiona nikiingia mjini Homa Bay nimebeba vitu kama magunia, na makarani wenye tai wakinitazama. Nikamshukuru, nikamwambia nina haraka. Hakuniita tena. Alirudi nyuma hatua mbili ili nipite, na mpaka leo naona hatua zile mbili zilikuwa karipio kubwa kuliko neno lolote.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu halikuvunjika, lilichubuka tu, lakini subiri usikie kilichovunjika.

Nilishuka mlima nikafika bondeni, nikaongeza mwendo kwa ajili ya mbung'o, maana ukienda polepole wanakung'ata hata kupitia shati. Barabara ilikuwa na mawimbi kama bati. Nilisikia harufu ya kitu kinachoungua nikadhani ni watu wanachoma nyasi. Sikugeuka. Kisha gurudumu la nyuma likakamatwa ghafla kama limeshikwa na mkono, nikarushwa.

Nilipoinuka niliona yote kwa mara moja. Mkoba ulikuwa umelalia ekzosi, ile ngozi ya bandia ikayeyuka na kutoboka shimo. Mkanda ulishuka ukaingia kwenye spoki za gurudumu, ukauvuta mkoba mzima na kuupasua. Bahasha ya Karungu ilikuwa bado ndani, imeungua pembe moja, nami sikuifungua kutazama fomu zake. Bahasha ya Magunga ilizungushwa na gurudumu pamoja na mnyororo. Fomu zile saba zilikuwa vipande, na vipande vingine vilishikwa na upepo.

Mchungaji mmoja, mtu mzima mwenye ng'ombe sita hivi, alitoka vichakani akanisaidia kuinua pikipiki. Kisha, bila kuombwa, akaanza kuokota vipande pamoja nami. Alishika kimoja akakigeuzageuza.

"Omera, ndugu yangu, hizi ni karatasi za serikali?" akauliza.

"Ni watoto," nikamjibu. Sijui kwa nini nilisema hivyo, ila ndivyo ilivyonitoka.

Akakitazama kile kipande tena, kisha akanipa kwa mikono miwili.

Mwanangu, hapa nataka unisikilize vizuri, maana kuanguka si ajabu. Ilikuwa kama saa nane mchana. Mbele yangu ilikuwa Homa Bay, nyuma yangu Magunga. Na uongo ulikuja wenyewe, umevaa vizuri kabisa, ukininong'oneza. Ungeweza kusema Magunga hawakukupa kitu. Ungeweza kusema umeibiwa. Nani angejua? Nilisimama pale na uongo huo labda muda wa mtu kuvuta sigara. Kisha nikamkumbuka yule msichana akiishikilia fomu yake, nikaona haya mbele ya ng'ombe wa watu. Niliufunga mkoba uliopasuka ndani ya shati langu, nikaugeuza usukani kuelekea mlimani nilikotoka. Nikasema kwa sauti, "Zitafika." Mchungaji akadhani namwambia yeye, akaitikia.

Nilifika Magunga saa kumi. Mwalimu Tobias alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Hakunitukana. Alifungua kabati akatoa fomu tupu alizokuwa amebakiza, akazihesabu, zikatosha.

"Mimi nitaandika," akasema. "Lakini kila mmoja lazima atie sahihi kwa mkono wake. Watatu wako uwanjani. Wanne wameshaenda kwao. Nitakuonyesha njia."

Aliandika haraka, kwa mwandiko ule wa walimu wa zamani usiojua kuyumba, nami nikapeleka. Nyumba tatu nilizifikia kwa pikipiki. Ya nne, ya kina Achieng, ilikuwa juu kwenye mteremko wa milima ya Gwassi, mahali ambapo hata mbuzi hufikiri kwanza. Nilipanda kwa miguu, goti limeshavimba. Nilimkuta akipepeta mtama na mama yake. Nilieleza kosa langu mbele ya wote wawili, sikulipunguza. Mama aliendelea kupepeta. Achieng akapangusa mikono, akaweka fomu juu ya kinu kilichopinduliwa, akatia sahihi polepole.

"Ulisema leo hii," akaniambia, macho yakiwa bado kwenye karatasi.

"Nilisema bila kujua ninachosema. Sasa nakwambia kesho kabla ya saa sita, na hilo nalijua."

Mama yake ndipo akaongea. "Kesho ukifika, usirudi kutuambia umefika. Ukikosa, rudi utuambie." Akanipa kibuyu cha maji ninywe, nikashuka jua likizama ziwani.

Alfajiri nilikuwa mlangoni kwa Jaduong' Okelo. Nilikuwa nimetunga maneno ya kuomba msamaha, lakini alinikata kabla sijafika nusu.

"Msamaha tutaufanya Jumapili. Leta pikipiki."

Akaleta ile mifuko miwili iliyonuka samaki. Na hapo, mwanangu, nikafundishwa kazi niliyodhani naijua. Kwanza alinipa mifuko nikaishika mmoja kila mkono, kama ndoo za maji, nikiwa nimefumba macho. "Upi mzito?" Nikasema wa kulia. Akahamisha vitu mpaka nisiweze kusema. Bahasha zilifungwa kwa kitambaa cha mpira, zikaingia ndani kabisa, karibu na kiti. Zana za pikipiki, ambazo ni nzito, zikawekwa chini. Hakuweka kitu juu ya keria isipokuwa koti langu la mvua. "Mzigo ukipanda juu," akasema, "ndio unaoendesha, si wewe."

Kisha akaja kwenye kamba. Kila mfuko aliufunga mahali pawili, mbele na nyuma, kwenye chuma cha pikipiki chenyewe, kamba ikipita chini na kurudi ili mfuko usirudi nyuma wala kuinuka. Mipira ya tyubu aliitumia kushikilia koti tu. "Mpira unavutika," akasema, "na kitu kinachovutika hakilindi kitu." Upande wa ekzosi alifunga kipande cha debe lililofunuliwa, na kati ya turubai na bomba akapitisha kiganja chake kupima. Ncha za kamba zilizobaki alizisokota na kuzichomeka ndani, hakuacha hata uzi mmoja wa kuning'inia. Mwisho akaushika mfuko akautikisa kwa nguvu zote, na pikipiki nzima ikatikisika.

"Umeona? Ukitikisa mfuko ukacheza peke yake, bado hujafunga. Sasa nenda, lakini ukifika mtoni simama. Mzigo ni kama mgeni, unachukua muda kukaa. Kamba zote zitakuwa zimelegea, na hapo ndipo wengi hupoteza, kwa sababu walifunga vizuri mara ya kwanza wakajiamini."

Nilisimama mtoni. Kamba zote zilikuwa zimelegea, kama alivyosema. Nikakaza upya.

Mvua ilinikuta kabla ya kutoka bondeni. Wewe unaijua barabara ya lami, hujui udongo mweusi ule ukinyeshewa. Unashika gurudumu kama uji wa jana. Nilianguka mara mbili. Mara ya pili pikipiki ililala juu ya mfuko wa kushoto. Niliinua, nikafungua, nikaingiza mkono. Ndani kulikuwa kukavu kama chini ya bawa la kuku. Mfuko haukuwa umesogea hata upana wa kidole. Sehemu iliyobaki ya matope niliisukuma pikipiki, goti likilia, nikiimba nyimbo za kanisa nisizozijua vizuri, maana nilihitaji kitu cha kupiga hatua nacho.

Niliingia Homa Bay nimejaa matope mpaka masikioni, saa tano na robo. Makarani wenye tai walinitazama kweli, na nikagundua sikujali. Karani aliyepokea alikuwa mtu mkavu, mwenye kufuata sheria. Alizipitia fomu za Magunga, zote saba, akazipiga muhuri moja moja. Akaja kwenye bahasha ya Karungu. Zote zilikuwa nzima isipokuwa ile ya juu. Moto ulikuwa umekula pembe yake, na kwenye pembe hiyo ndipo palipokuwa na jina la mtahiniwa na sahihi yake.

"Hii siwezi," akasema. "Haina jina."

Nilimwambia jina. Nilimwambia shule, mwalimu, kila kitu. Niliomba mpaka saa sita ilipogonga, na hata baada ya kugonga sikuondoka. Akaniambia kwa upole, na upole huo uliniumiza zaidi, "Ndugu, mimi siwezi kumtilia mtoto sahihi." Karungu ilikuwa mbali mno kwenda na kurudi. Ilikuwa fomu ya Owuor.

Sikusubiri wasikie habari hiyo kwa mtu mwingine. Jumamosi nilikwenda Karungu nikawaambia yeye na baba yake, tumeketi kwenye mtumbwi uliovutwa ufukweni. Baba alisema maneno makali, na yote yalikuwa yangu. Owuor aliteremka mtumbwini akaenda zake. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa ameshaenda kisiwa cha Takawiri kuvua na mjomba wake.

Nilizungumza na Mwalimu Nashon, akampatia nafasi ya kurudia darasa. Nikapanda mtumbwi hadi Takawiri kumwambia. Akakataa. Nikaenda mara ya pili, na barua ya mwalimu wake. Akakataa. Mara ya tatu alikuwa akishona wavu, akaniambia bila hasira:

"Ndugu yangu, nimeshazoea huku, na wadogo zangu wanakula. Usije tena kwa ajili yangu. Lakini fomu za watoto wa mwaka ujao, zifike."

Achieng alifaulu, akawa mwalimu, akafundisha mpaka kustaafu. Watu wakisikia kisa hiki hupenda nikomee kwa Achieng. Mimi nakomea kwa Owuor. Alikuwa mvuvi mwema, aliheshimiwa kisiwani, hakunichukia. Lakini njia ile ya hesabu aliyoiona mwalimu wake, mimi ndiye niliyeifunga, kwa sababu sikutaka kuonekana na mfuko unaonuka samaki. Nilibaki katika kazi ile miaka kumi na mmoja zaidi, na kila mwaka nilipofunga mzigo nilisema jina lake moyoni. Hakuna karatasi iliyopotea tena mkononi mwangu. Haikuwa kwa sababu nilikuwa hodari. Niliamua.

Basi, mwanangu, sikia. Ukienda kununua mfuko, uchague kwa ajili ya barabara na kile utakachobeba, usiuchague kwa ajili ya macho ya watu. Geuza mishono utazame. Gawa uzito sawasawa, uweke chini na karibu nawe. Funga kwenye chuma. Kaza, ficha ncha, uepushe na moto, kisha usimame baada ya mwendo mfupi ukaze tena, hata kama wenzako wanakupigia honi. Na mzee akikushikia kamba akasema imelegea, shuka. Kushuka hakumpunguzii mtu kimo.

Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani kwako hauna uzito kwa kuwa si wako. Usikubali methali hiyo iwe kweli kwako. Kila unachopewa ukibebe kiwe kizito mikononi mwako kama kilivyo kizito moyoni mwa aliyekupa. Ukikosea, na utakosea, geuza usukani urudi ulikokosea, useme kosa lako kwa kinywa chako mwenyewe, kisha ufanye kinachowezekana kabla jua halijatua. Kisichowezekana tena, kibebe bila kulalamika.

Mungu akujalie mikono yenye subira na masikio yanayosikia. Akulinde kwenye matope na kwenye lami. Watu wakupe vitu vyao vya thamani bila kukuuliza mara mbili, nawe uvifikishe. Nenda salama, mwanangu, na Nyasaye, Mungu wetu, atangulie mbele yako.